Titi Moja Linamtosha, Anachotaka ni Tanuri

Jua la Apizaco, nchini Mexico, halijatoka, lakini Eulalia Cuatecontzi amekwisha kugombana na donge la unga mara mbili. Analibonyeza kwa kidole, anaguna, analifunika tena kwa kitambaa. Anasema hamira ya leo ina kiburi.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na moja ndiye fundi mkuu katika kiwanda kimoja cha mikate mjini hapa, alikoanza kazi akiwa msichana wa kuosha masinia. Masinia ya moto huyavuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unasaidia tu, kwa kuwa miaka miwili iliyopita alikatwa titi la upande huo na mkono nao ukalegea.

"Usiniandike kwa huruma," anamwonya mwandishi. "Andika kwamba mikate yangu ni mitamu. Saratani wanayo wengi, mikate hii hawana."

Leo simu yake, ambayo siku zote hukaa kabatini, iko mfukoni mwa aproni, imefungwa kwenye plastiki isiingie unga. Anasubiri ujumbe wa benki. Wiki tatu zilizopita alipeleka ritani ya mwaka akiomba arejeshewe sehemu ya kodi kutokana na gharama za matibabu yake.

Akirudishiwa, atanunua tanuri lake mwenyewe. Nusu ya bei anayo, aliibana kwenye bonasi ya Desemba. Nusu ya pili iko serikalini, na mwaka jana alipojaribu kuomba vivyo hivyo aliambulia patupu.

Kisa chenyewe kilianza kwa wema. Alipogundulika kuwa na saratani, wenzake kazini na majirani walimfanyia kermesi, sherehe ya kuuza vyakula ili kuchanga pesa, mbele ya kanisa, kama ilivyo ada mtaani akiugua mtu. Remedios Papalotzi, anayefungasha mikate pale kiwandani na ndiye mama wa ubatizo wa binti yake, alipika pozole, supu ya mahindi na nyama, sufuria tatu. Wengine walileta tamales za unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda, mmoja akatoa jogoo wa bahati nasibu. Hadi jioni kopo la biskuti lililowekewa pesa lilikuwa halifungiki. Kutoa ni moyo, na mtaa ule hauna uchoyo.

Kwa kuwa hakutaka kungoja zamu kwenye hospitali ya serikali, Eulalia alilibeba kopo lile hadi hospitali ya binafsi, akalifungua mbele ya dirisha la malipo na kulipia upasuaji: pesos elfu arobaini na moja, taslimu, nyingine sarafu.

"Nilijiona malkia," anasema. "Nikadai risiti ya kodi yenye jina langu, nikaikunja, nikaiweka chini ya sanamu ya Bikira. Niliona mambo yangu yamenyooka."

Aprili ilipofika, aliipeleka kwa Anselmo Rugerio, mhasibu mwenye meza chini ya matao ya soko, ambaye hutoza ada yake pamoja na mikate dazeni. Mzee alisoma risiti, akavua miwani.

"Mama, hii uliilipaje?"

"Kwa pesa, mzee. Ulitaka nilipe kwa kuku?"

"Pesa za mkononi?"

"Za kopo."

"Basi hapa hatuna kitu. Sheria inataka kadi, hundi au uhamisho wa benki. Taslimu haihesabiki hata senti."

Remedios, aliyekuwa amemsindikiza, alikuja juu. "Yaani ugonjwa ni wa kweli, titi limekatwa kweli, risiti ya kweli, ila pesa yetu ndiyo ya uongo?"

"Ni ya kweli, bibie. Tatizo haikupita benki."

Eulalia hafichi kwamba siku hiyo aliumia. "Nilipokatwa titi sikulia. Pale kwa mzee nililia mpaka akanipa leso yake. Niliona nimewapotezea jasho lao wale waliosimama juani kuuza pozole."

Ilipofika zamu ya vipimo na mionzi, mtaa ulifanya kermesi ya pili. Jumatatu asubuhi mashoga hao wawili wakaenda benki na ndoo ya pesa, Remedios akinung'unika njia nzima.

"Pesa ya pozole uipeleke benki? Wataila!"

"Haitalala hata siku moja, shoga. Inaingia, inatoka na kadi."

"Sasa kama inatoka, inaingia kufanya nini?"

"Kuonekana!"

Keshia alihesabu sarafu saa nzima. Noti zilinuka vitunguu. Foleni ilipoanza kulalamika, Remedios aligeuka akiwa ameshika kiuno: "Ni za mgonjwa hizi! Mwenye haraka achangie!" Wawili wakachangia.

Tangu siku hiyo, kila kipimo na kila duru ya mionzi ililipwa kwa kadi, risiti ikatoka na namba yake ya kodi. Anselmo alimtahadharisha kwamba dawa za kununua dukani hazimo, na kwamba marejesho yana kikomo. Kwa mshahara wake wa pesos elfu kumi na nne kwa mwezi, asitarajie zaidi ya elfu nne na ushee.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, aproni inatetemeka. Eulalia anafuta mikono, anaitoa simu, kisha anamsukumia Remedios. "Soma wewe. Mimi siwezi."

Remedios anaisogeza simu mbali na macho, anaileta karibu, anaisogeza tena.

"Soma basi, mwanamke! Unaniua, na saratani ilishindwa!"

"Elfu nne mia mbili na sita. Shoga, serikali imetapika!"

Kiwanda kizima kinapiga masinia. Eulalia anarusha mikono yote miwili juu, na ule wa kushoto, uliokuwa hauinuki kupita bega, unapita kichwa. Anautazama kwa mshangao, kisha anacheka hadi anakaa juu ya gunia la unga.

Wapo waliomshauri aziweke pesa hizo akiba, siku moja atengenezewe titi. Jibu lake halichelewi. "La bandia litaniokea mkate? Moja linanitosha. Mume wangu hajalalamika, na akilalamika atatafuta pa kulala."

Mchana huohuo yuko dukani, anafungua na kufunga mlango wa tanuri la gesi la pesos elfu nane na mia nne. Mpango wake ni kuoka mikate ya sikukuu nyumbani mwisho wa wiki, na kuiuza kwenye maonyesho ya Agosti. Muuzaji anamsifia bidhaa: moto sawa pande zote, masinia manne, waranti miaka kumi.

"Mingapi?"

"Kumi, mama."

Eulalia anaufunga mlango wa tanuri taratibu. Daktari wake humpa miezi sita ya kurudi kupimwa, akirudi humpa mingine sita. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumtajia miaka kumi.

"Niandikie kwa jina langu," anamwambia muuzaji. "Si la mume, si la binti. Eulalia Cuatecontzi. Mwaka wa tisa likiharibika, nitakuja mwenyewe kukugombeza."