Mikono ya Mama Papasa

Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye lango la kiwanda cha nguo, akipekua wanawake waliokuwa wakitoka kazini. Walimwita Mama Papasa, wala hakukasirika; jina hilo ndilo lililomlisha. Kitambaa kilichozungushwa kiunoni alikijua kwa kugusa tu, na mwizi alimjua kwa jinsi anavyocheka. Hakumsalimia mtu. Ukishamsalimia mtu, alisema, mkono unaona haya.

Basi mwaka mmoja baada ya kustaafu, mchungaji alimwita ofisini na kumwambia kwamba wazee wa kanisa wameomba, wakaona yeye ndiye awe mkaribishaji wa mlangoni. Mama Papasa alitazama kwanza rafu iliyokuwa nyuma ya mchungaji. Vitabu vya nyimbo vilikuwa na mapengo. Vilikuwa vikipotea tangu mwanzo wa mwaka, na kila mshirika alijua. Akajibu kwamba amesikia, akaondoka na yake moyoni.

"Wanatafuta mbwa, wananiita mkaribishaji," alimwambia mdogo wake jikoni.

Mdogo wake, ambaye hakuacha neno lipite bila kulitia chumvi, alisema huenda Mungu naye ana wezi wake anaowatafuta. Kisha akauliza taratibu, "Lakini dada, kutabasamu unajua?"

Hakujua. Alijaribu mbele ya kioo, akaona mtu anayeumwa jino. Ndipo akapiga magoti, akaomba kama anayetoa ripoti: Bwana, kazi hii siijui. Mikono yangu inajua kupekua tu. Kama umenituma wewe, nifundishe. Kama ni mchungaji amenitega, nionyeshe.

Jumapili ya kwanza alishika mikono ya watu wengi, na kila mkono akaupima. Jumapili ya pili bibi mmoja mwembamba aliketi benchi la mwisho, akatoka kabla ya baraka na mkoba uliotuna. Ibada ilipokwisha, vitabu viwili havikuonekana. Dalili ya mvua ni mawingu, Mama Papasa akajisemea. Wiki ile nzima hakuomba tena kufundishwa, aliomba amkamate. Na alilala usingizi mzuri, kama mtu aliyerudishwa kazini.

Jumapili ya tatu alimngoja bibi yule, na alipotoka akamzibia njia. Bibi alimtazama, akauweka mkoba sakafuni, akapanua mikono yote miwili, kisha akageuka na kumpa mgongo.

Mama Papasa aliutambua mgongo ule. Chumba cha vifungo kule kiwandani, zamu ya asubuhi, bega la kushoto limeshuka kidogo. Aliupapasa kila siku ya kazi, na jina la mwenyewe hakulijua.

"Pekua," bibi alisema. "Miaka kumi na mmoja umenipekua, hujaniuliza hali hata siku moja."

Baraka zilikuwa zimeshatolewa na watu walianza kusogea mlangoni. Vidole vilimwasha Mama Papasa. Akafumba macho palepale, akaomba kwa sauti, "Bwana, mtu huyu sijui nimwambie nini."

Bibi alishusha mikono, akageuka.

"Anza na shikamoo. Mimi ni mkubwa kwako."

"Shikamoo."

Bibi alionekana kuionja kwanza salamu ile, kama mtu asiyemwamini mpishi.

"Marahaba. Haya, nishikie mkoba, nifunge kiatu."

Mkoba ulikuwa mzito. Tena ulikuwa na pembe kama za vitabu, moja ikimgonga gotini. Bwana, mikono hii, Mama Papasa akanong'ona. Akaushika mpini kwa vidole viwili tu, akauweka mbali na mwili wake, akamwinamia bibi aliyekuwa akihangaika na kamba ya kiatu.

"Nyumbani wazima?" akauliza.