Sauti ya Salome Iliyobaki Jiweni

Nilipokuwa mtoto sauti yangu ilifika mahali kabla yangu, na mpaka leo ndivyo nilivyo, nikicheka kwangu kuku wa jirani wanatawanyika. Ndiyo maana habari za Salome nazisimulia mimi. Mwenyewe ukimwomba asimulie atakupa maneno mawili, halafu atakuuliza kama chai unaweka sukari.

Salome ni mtoto wa mama yangu mdogo. Tumekulia boma moja, kwa bibi yetu, upande wa Mgori, mimi nikiwa nimemtangulia kidogo. Nyuma ya mashamba yetu kulikuwa na jiwe. Najua mtacheka, mtasema Singida yote mawe, sasa hilo lilikuwa na nini. Hili lilikuwa kubwa kuliko nyumba, limejikunja katikati kama mtu aliyekumbatia kitu, na ukiongea mbele yake linakujibu. Ulichosema ndicho linachosema, ila polepole, kama linaonja kwanza. Ukubwani nikaja kuambiwa na watu waliosoma kwamba kile kitu kinaitwa mwangwi. Sawa. Sisi tulikuwa hatujaambiwa.

Bibi alisema jiwe lina wenyewe. Jua likiwa la utosini wanatoka wanakaa kivulini, na wakiipenda sauti ya mtoto wanaichukua.

"Na hawarudishi bure," alisema. "Mpaka wapewe nyingine."

Ushahidi wake alikuwa Salome. Huyu mtoto alianza kuongea vizuri tu, kwa lugha yetu ya nyumbani na Kiswahili cha kuokoteza. Halafu masika moja mama yake akaenda kuchuma mlenda, akamlaza kwenye kivuli cha jiwe, akasogea kidogo, na mlenda unavyojua, unachuma hapa unauona mwingine pale. Mtoto akaamka peke yake. Mama mdogo anasema alisikia kilio, halafu akasikia kilio kingine juu yake, halafu kimya. Alipofika alimkuta Salome amekaa, macho makavu, mdomo wazi. Tangu siku hiyo hakusema neno. Anasikia, ukimtuma anakwenda, ukimchekesha anatabasamu, lakini sauti hakuna.

Baba yake alivumilia mpaka akachoka. Nilimsikia mwenyewe akimwambia mama mdogo, maana masikio yangu tangu utoto hayakuwahi kukosa maneno ya watu, kwamba tukishavuna alizeti atampeleka Salome kwa mganga mmoja ng'ambo ya Mitundu. Mganga huyo haponyi kwa siku moja, anabaki na mtoto. Kuna binti wa kwa jirani zetu alipelekwa hivyo kwa ajili ya kifafa, tukamuona tena akiwa mwanamke mzima, na alichojua ni kuchunga ng'ombe za mganga.  Mama mdogo alikuwa anapepeta mtama, akaendelea kupepeta hata ulipokuwa umeshakuwa safi.

Mimi nikalala na jambo hilo kama mtu aliyemeza kokwa.

Sasa sisi watoto kazi yetu msimu ule ilikuwa kuamia ndege. Uwele ukishatoa masuke wanakuja wengi kama vumbi, na dawa yao ni kelele: unapanda kichuguu, unapiga debe, unapiga yowe asubuhi mpaka jua lipande, kisha tena jioni. Katikati hapo ndege wanapumzika, na sisi tunapumzika. Saa ile shamba zima linasinzia. Hewa inacheza juu ya uwele kama maji, milima inaonekana kama inaelea, na ukisikiliza sana unasikia masikio yako yenyewe. Ndiyo saa tuliyokatazwa jiwe, na ndiyo saa tuliyokuwa jiweni. Kivuli kizuri kilikuwa hapo tu, jamani, tungefanyaje.

Tulicheza mama na baba. Hamisi wa kwa jirani ndiye baba. Anaaga anakwenda Sekenke kuchimba dhahabu, anazunguka kichuguu, anarudi anayumba, anadai chakula. Hata hatukujua anaigiza nini, tulijua akina baba wanarudi hivyo. Mama ni mimi, nani mwingine mwenye mdomo. Napika udongo kwenye kopo, nagombana na Hamisi, na jiwe linagombana na sisi wote wawili. Na Salome ni mtoto mchanga. Hatukumpa nafasi hiyo kwa ubaya. Mtoto mchanga haongei, kwa hiyo pale alitosha. Kwingine kote alikuwa na upungufu, pale hakupungukiwa kitu. Analala kwenye majani, tunambembeleza, anatusikiliza tunapiga kelele na jiwe linazirudisha, mimi nikicheka linacheka, Hamisi akijamba kwa mdomo na lenyewe linajamba. Siku nyingi zilipita hivyo.

Ikaja siku nikaamka sina sauti. Nilipiga yowe la ndege mpaka koo likafunga, nikifungua mdomo unatoka upepo. Moyoni nilijua ni jiwe. Lakini jua lilipopanda miguu ikanipeleka palepale, na kopo langu mkononi.

Hamisi akarudi Sekenke, akakuta mama hawezi kumgombeza. Akasimama mikono kiunoni.

"Mke bubu, mtoto bubu. Nimeleta dhahabu kwenye nyumba gani hii?"

Nikamrushia udongo. Nilipogeuka nikamkuta Salome amesimama. Akaja taratibu, akafungua kipande cha kanga nilichojifunga, akajifunga yeye. Akaokota gunzi, lile gunzi la hindi tulilokuwa tunalitumia kama mwiko, akalifunika na jani, akaenda akalilaza chini ya jiwe, palepale kwenye mkunjo. Akarudi mpaka kwenye uwele. Akainama, akaanza kuchuma majani ambayo hayapo.

Mimi na Hamisi tukakaa kwenye majani yake kumtazama. 

Alichuma, akasogea, akachuma. Halafu akainua kichwa kama mtu aliyesikia kitu. Mimi sikusikia kitu. Akaacha majani yake, akaanza kutembea kuelekea jiweni, na mdomo wake ukawa unafanya kazi, unafunguka na kujifunga, kama wa kifaranga.

"Nakuja," akasema.

Ilikuwa sauti ndogo, ina kutu. Na jiwe likasema, polepole, nakuja.

Nilidhani atakimbia. Alisimama akasikiliza mpaka ikaisha. Kisha akasema tena kwa nguvu, nakuja, mwanangu nakuja, na jiwe likamwambia vilevile, na wakaendelea hivyo, yeye anaita na lenyewe linaita, mpaka alipolifikia gunzi, akalibeba, akalipigapiga mgongo. Hewa inacheza, mimi nimekaa na udongo mkononi. Hata sasa nikiwa nusu usingizini mchana naisikia sauti ile.

Tulikimbia nyumbani. Hamisi ndiye aliyesema, mimi nikipungapunga mikono kama bubu wa kweli. Na baba yake Salome alikuwepo. Akamwita mtoto, akamwambia sema. Salome akaangalia miguu yake. Akamwambia tena. Kimya kilekile cha siku zote. Baba yake akasema, "Watoto wanacheza tu hawa, na sisi wengine tunataka kulia." Mama mdogo akaingia ndani.

Bibi ndiye aliyenishangaza. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa anatufukuza na ufagio kila akitukuta tumekaa na makopo, eti tunacheza huku ndege wanakula uwele. Hakuuliza tulikuwa jiweni saa gani. Aliniangalia mimi niliyekosa sauti, akamwangalia Salome, nikaona anahesabu mambo yake kichwani. Akaingia jikoni, akatoka na chungu chake kidogo cha mboga na unga wa kweli kiganjani, akaviweka chini mbele ya Salome.

"Mama mtoto," akamwambia, kwa heshima kabisa, kama anaongea na mwenzake, "mwanao amekula?"

Salome akalitoa gunzi mgongoni. Akalitazama.

"Bado," akasema. "Alikuwa analia."

Baba yake alikuwa ameegemea nguzo ya mlango. Akashuka na nguzo mpaka chini, akakaa pale na kofia yake magotini, huku mtoto anakoroga uji na kumsimulia bibi habari za mwanawe, kwamba anaogopa akiamka, kwamba inabidi aambiwe. Alizeti ilivunwa. Safari ya Mitundu sikuisikia tena, na mimi ndiye ningeisikia.

Bibi mpaka anakufa alisema jiwe lilibadilisha, lilichukua yangu likarudisha ya Salome, kama alivyotuonya. Na yangu iliporudi baada ya siku kidogo, nikacheka kwa furaha mpaka mbuzi wakakata kamba, akasema hata wenyewe jiweni wameshindwa kukaa na mtu huyu.

Sibishani naye. Lakini sasa nina wajukuu wa dada yangu hapa, wanakwenda chekechea, na mama yao akiwakuta wamembeba mwanasesere kwa kanga mgongoni anawaambia waache upuuzi washike daftari. Mimi huwa namwita pembeni. Sijui kumweleza vizuri, darasa langu lilikuwa dogo. Namwambia tu asubiri kidogo, asikilize wanachomwambia yule mwanasesere kwanza.

Maana sisi wote pale nyumbani tulikuwa tunasubiri Salome aseme. Mganga, baba, bibi na wenye jiwe lake, wote tulitaka kitu kitoke mdomoni kwake. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto mwenyewe alikuwa anasubiri kuambiwa nakuja, na kwamba kwa kuwa hakuna aliyemwambia, ilimbidi awe mama kwanza, ajiambie.