Nilimuua Baba kwenye barua ya kuomba chuo, halafu kamati ikapiga simu nyumbani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naona vijana wengi humu wanamaliza sekondari na wanauliza namna ya kuomba vyuo vya nje. Mimi nitawaeleza nilivyofanya, ili msifanye. Sijaongeza chumvi. Kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Naitwa Masika, naandika kutoka Goma. Nilimaliza sekondari kwenye mchepuo wa bio-chimie, yaani biolojia na kemia, na kwenye mtihani wa taifa nilipata asilimia 67.

Kwetu 67 si mchezo. Siku ya matokeo nilimwagiwa poda kichwani, nikatembezwa barabara nzima ya Munigi nikiwa mweupe kama mkate ambao haujaokwa. Mama aliimba mpaka sauti ikakauka.

Ushauri wa kwanza, kabla sijasahau: chuo cha nje hakijui habari ya poda. Wao wakiona 67 wanaona mtu wa wastani. Mwombe mkuu wa shule akuandikie karatasi moja ya kueleza jinsi maksi zinavyotolewa kwetu. Mimi hilo nilifanya. Ndilo jambo pekee la akili nililofanya mwaka ule.

Basi, nikapata chuo kimoja Uganda, kina ufadhili kamili. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee. Baba ni mfanyabiashara wa maharage na vitunguu, anavitoa Butembo, na barabara ilikuwa imemchosha yeye na mfuko wake. Bila ufadhili, ningebaki nyumbani kuchambua maharage.

Fomu ilitaka barua. Swali lilikuwa fupi: "Tueleze maisha yako na kwa nini unataka kusoma kemia."

Hapa wakuu inabidi niwaeleze kitu cha Goma.

Sisi tumekulia mikononi mwa watu wa mashirika. Wanakuja na gileti, vile vizibao vyenye nembo ya shirika, na tableti, wanauliza maswali, wanaandika orodha ya wa kusaidiwa. Kila nyumba inajua kazi yake. Gileti ikionekana mwisho wa barabara, redio inaingia chumbani. Kuku wanaingia chumbani. Watoto wanaambiwa wavue viatu. Ukiulizwa mnakula mara ngapi kwa siku, unatazama chini kwanza, halafu ndiyo unajibu.

Si kwamba shida hatuna. Tunazo, na nyingine hata hatuzisemi. Lakini tumejifunza kwamba shida yako halisi haitoshi, jirani ana kubwa zaidi.

Kwa hiyo niliposoma "tueleze maisha yako", mimi niliona gileti.

Nikamuua Baba.

Alikuwa Butembo wiki ya tatu, hivyo haikuwa ngumu sana. Nilimpa kifo cha ghafla ili asiteseke. Nyumba yetu nikaichomea Kibati, ambako hatujawahi kuishi. Wadogo zangu wawili nikawafanya watano, wote wananitegemea. Kemia niliipa sentensi moja mwishoni, kwamba ni somo muhimu kwa maendeleo.

Nilipomaliza nikasoma tena, machozi yakanitoka. Nilijionea huruma kweli. Kwenye nafasi ya simu ya mlezi nikaweka namba ya Mama, nikatuma.

Baada ya wiki kadhaa ikaja email: nimeingia kwenye orodha fupi, watampigia mlezi.

Nilipanga kumwambia Mama, nimfundishe la kusema. Kila siku nilisema kesho. Mtu anayekuambia atafanya kesho jambo la namna hii, mwogopeni.

Jumamosi moja asubuhi tumekaa uani. Baba amerudi, anakunywa chai. Simu ya Mama ikalia, namba ya nje. Mama hapokei namba asizozijua, akampa Baba. Simu hiyo spika ya sikioni ilikufa zamani, kila mazungumzo ni ya familia nzima.

"Habari za asubuhi. Naongea na mlezi wa Masika?" Sauti ya mama mmoja, mpole, Kiswahili safi.

"Ndiyo, mama, njo mimi."

"Kwanza poleni sana kwa kufiwa na baba yake."

Baba akaweka kikombe chini. Akanitazama. Mimi nilikuwa natazama kuku.

"Aksanti, mama," akasema. "Alikufaka lini?"

"Kwenye barua ameandika ni miaka miwili iliyopita."

"Miaka mbili. Na alikufaka na nini?"

"Ameandika ni ghafla."

"Ah bon. Afazali hakuteseka."

Mama yangu alikuwa ameshika ungo. Hakuuweka chini, hakuusogeza.

Baba akamwomba yule mama asubiri kidogo. Akafunika simu na kiganja, akaniinamia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniua mimi sasa. Aliuliza kwa sauti ileile anayouliza kama gunia lishonwe ama lifungwe kamba.

"Masika, ni ya masomo?"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa nikufe, ao nibakie muzima? Sema mbio, mama wa watu anangojea."

Wakuu, alikuwa tayari. Ningesema neno moja, Baba angekaa kwenye kiti chake, na chai yake mbele yake, akajitangaza marehemu ili mimi nisome. Na ningesema lile jingine, ufadhili umekwenda.

Nilitaka kile chuo kuliko kitu chochote. Sitawadanganya, nilifikiri. Pengine ni sekunde tatu, na hizo sekunde tatu naziona aibu mpaka leo.

"Bakia muzima, Baba."

Akaondoa kiganja. "Mama, unisamehe. Baba yake njo mimi. Niko muzima. Mutoto aliogopa. Ongea naye."

Nikapewa simu. Nikakiri yote: Kibati, wadogo watano, kifo. Yule mama akauliza, "Basi niambie, kemia uliitaka kwa nini?"

Nikamweleza kuhusu mbuzi.

Shangazi yangu anaishi upande wa Lac Vert, njia ya Sake. Huko kuna mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Huioni. Mbuzi wake watatu walikutwa wamelala, hawana jeraha, majani bado yako mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilifunga mshumaa kwenye fimbo ndefu nikawa naushusha bondeni nikiwa nimesimama juu, naona unazimika wapi. Alfajiri ulizimika juu, mchana ulizimika chini zaidi. Nikasimika miti na vitambaa vyekundu ili watoto wajue pa kuishia. Nilitaka kujua ile hewa inatoka wapi na kwa nini inapanda na kushuka.

"Na haya hukuyaandika?"

"Ni mbuzi tu, madam. Hakuna mtu aliyekufa."

Akavuta pumzi. Akasema kanuni ni kanuni, faili lenye uongo linaondolewa. Akasema pia mwaka unaofuata fomu zitafunguliwa tena, na kuomba upya siyo marufuku.

Simu ikakatika. Baba akamalizia chai, ingawa ilishapoa.

"Na kwenye ile barua," akauliza, "ulinizika wapi?"

"Sikuandika, Baba."

"Hata kaburi hukunipa."

Ndipo nikalia, safari hii bila kujionea huruma.

Mwaka mzima nilichambua maharage. Fomu zilipofunguliwa niliandika habari za mbuzi, mshumaa na vitambaa, hakuna zaidi. Wakaniita. Wakanihoji saa nzima kuhusu ile fimbo. Nikapata.

Chuo kikataka barua ya ridhaa ya mzazi. Baba hakutaka nimwandikie. Alikaa na kalamu karibu asubuhi yote, akaandika mstari mmoja, akaupeleka kwenye ofisi ya quartier, yaani ya mtaa, ukapigwe muhuri, akawaomba wapige miwili:

"Mimi baba ya Masika, niko muzima, ninaitika aende."

Sasa niko mwaka wa pili.

Vijana, barua ya chuo siyo gileti. Hawatafuti mwenye msiba mkubwa kuliko wote, wanatafuta mtu anayetaka kujua kitu. Hicho kitu unacho, ila unakiona kidogo.

Mwenye swali la fomu aliweke hapa chini, nitajibu nikitoka maabara. Na wewe uliyeshatuma, kama una marehemu anayekunywa chai nyumbani kwenu, funga uzi huu, nenda kamwambie leo.