Mwinda Mazimwi na Jani la Sale

Mwinda mazimwi wetu, huku kwenye miteremko ya Meru, alikuwa bibi mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa migomba. Kila alipotoka kwenda kuwinda aliutemea mkuki mate ya baraka, kisha akachomeka jani la sale kiunoni. Mkuki hakuutumia sana. Zimwi liliponguruma, alilinyooshea lile jani na kulisemesha kwa sauti yake ya kukwaruza, nalo likarudi msituni, damu ingali mdomoni. Kwetu, anayeombwa kwa sale hakatai, hata awe zimwi.

Bwana shauri wa Kiingereza alipokuja na askari kutuhamisha ili mlowezi apewe mashamba yetu, bibi aliuacha mkuki nyumbani. Alimpa sale kwa mikono miwili. “Bwana, nakuomba kwa jani hili, tuachie migomba yetu.”

Bwana shauri akalipokea. Tukashangilia, sisi wajinga. Akainama, akafutia tope la buti zake, akalitupa.

Bibi aliliokota, akalipangusa taratibu kwa nguo yake.

“Bibi, nikuletee mkuki?” nikamuuliza.

“Wa nini, mjukuu wangu? Hata zimwi lingekuwa limesharudi msituni.”