Hamsini na Tatu kwa Mia

Kazini walimwita Kibano, kwa sababu alihesabu mbegu za kwinoa, nafaka ndogo kama ulezi yenye ganda chungu la povu, kwa kibano, moja moja, na ukimkatiza anaanza upya huku akikukata jicho.

Kabla ya maabara alifanya kazi kwenye ghala la mbegu la kaka wa mumewe. Ni yeye aliyegundua, jikoni kwake, kwamba kwinoa ikioshwa mpaka povu liishe, ikalowekwa saa sita kisha ikaanikwa kivulini, huota kwa pamoja na miche yake husimama imara. Shemeji alimsifu sana. Lakini mwaka huohuo alirundika magunia chini ya bati miezi yote ya joto.

"Shemeji, mbegu zinaiva kwa joto humo," alimwonya.

"Wewe loweka, ghala niachie mimi."

Wakulima walipanda, mashamba yakabaki matupu. Walipofika ghalani wamefura, shemeji alimnyooshea kidole mbele yao. "Huyu hapa! Amezilowesha mpaka zikaoza!" Mama mmoja alimtemea mate miguuni. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Aliliweka moyoni. Alirudi darasani na watoto wa rika la mwanawe, akafaulu, akaajiriwa kwenye maabara inayopima mbegu kabla hazijauzwa. Mwaka wake wa saba hapo ikaletwa bahasha ya sampuli ya mbegu yenye jina la shemeji. Siku hiyo aliimba akiosha visahani vya kuoteshea.

Hajazipanga mbegu kwenye karatasi nyevu, shemeji mwenyewe akaingia na mfuko wa machungwa.

"Shemeji, sisi ni ndugu. Zioshe, ziloweke kidogo ndipo upime. Wewe ndiye fundi."

"Si zinaoza?"

"Aa, yale yamepita."

"Kwako yamepita. Beba machungwa yako."

Kanuni ilitaka mbegu ipimwe kama ilivyoletwa, na wiki ile aliipenda kanuni kuliko mumewe. Kila asubuhi alifunua visahani akiomba visiwe na kitu. Nyingine zilitoa mzizi dhaifu, zikalala. Siku ya mwisho, zilizoota vizuri zilikuwa hamsini na mbili kwa mia. Zilitakiwa themanini.

Ili mtu asije kusema ni chuki, alimwomba mwenzake ahesabu upya. Mwenzake akapata hamsini na tatu. Kibano aliutazama ule mche mmoja wa ziada, mwembamba, umepinda, akatamani kuung'oa. Akaandika hamsini na tatu, kalamu karibu itoboe karatasi.

Shemeji akakatazwa kuuza. Magunia yote yalikwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Kibano aliomba ruhusa kazini, akasimama ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala, mkoba kwapani, mpaka gunia la mwisho likapakiwa. Shemeji alimwona. Hakumwomba radhi.

Nyumbani mumewe alimuuliza, kwa sauti ya chini, "Sasa umeridhika, mama?"

"Bado," alisema, akavua viatu.