Nilirekodiwa kuhusu mji wetu wa Wajir, nikamruka mama aliyeninyonyesha

Wakuu, amani iwe nanyi nyote mlioko humu.

Baba yangu alikuwa Athman Shee, Mbajuni, mzaliwa wa Faza, kule visiwani pwani. Mama yangu alikuwa Halima Guyo, Mborana, aliyezaliwa upande wa Marsabit. Mimi nilizaliwa Wajir, mji wa jangwani kaskazini mwa Kenya, ambako baba alikuwa na tanuri la mikate.

Sikuingia darasani hata siku moja. Maneno haya ninayatamka nikiwa nyumbani kwa binti yangu, St Marys, hapa Sydney, na anayeyaandika ni mjukuu wangu Zuhra. Nimemkataza kupunguza na nimemkataza kuongeza. Nitakayoyasema yamenipata mimi mwenyewe, na mpaka sasa sijayaelewa sawasawa. Ndiyo sababu nimeyaleta kwenu.

(Zuhra anasema niweke mistari mifupi, eti watu wa humu huchoka upesi. Haya.)

Iko kazi inayofanywa na watu wa mji wetu waliotawanyika duniani. Wanakusanya picha za zamani na sauti za wazee, wanaziweka mahali pamoja kwenye mtandao, ili ijulikane kwamba mji ule ulikuwa wa watu wengi: Wasomali, Waborana, Waarabu wenye maduka, Wahindi, sisi Wabajuni wachache, na askari waliotoka bara.

Nikaambiwa zamu yangu imefika.

Akaja binti mmoja, Grace, Mkenya wa Nakuru, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuja kwa treni na begi la vyombo vyake. Akaniamkia kwa adabu, akanibana kipaza sauti kidogo kwenye kola, akauliza, "Babu, mji ulikuwaje?"

Kisha akafunga mdomo.

Wakuu, hapa naomba mnielewe. Kule kwetu mtu hasimulii peke yake. Anayesikiliza huitikia: naam, ehee, kisha ikawaje? Asipoitikia, ama amelala, ama anaona unamdanganya.

Grace hakuwa amelala.

Nikaeleza visima vyetu na maji yake ya chumvichumvi. Kimya. Anatikisa kichwa tu. Nikaeleza nyumba zilizopakwa chokaa, mikate ya tanuri la baba, na ngamia walivyosukumana kwenye birika. Kimya. Nikapandisha sauti. Nikaapa. Mimi, kwa umri huu, naapishwa na visima!

Nikamgeukia Zuhra, aliyekuwa kwenye kochi. "Huyu mwenzio ni bubu?"

"Babu! She's recording!"

"Na mimi naongea na nani? Na kola ya shati?"

Grace akacheka bila kutoa sauti. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Sasa nikafika kwenye kuzaliwa kwangu. Pale ndipo alipopaswa kuingia Mama Kanana.

Niwaeleze ni nani. Mama yangu aliponizaa alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka. Katika laini za polisi, zile nyumba za askari, alikuwepo mke wa askari mmoja, Mmeru, Mkristo, mwenye mtoto mchanga aitwaye Kanana. Mama huyo alinichukua, akaninyonyesha pamoja na mwanawe mpaka mama yangu akapata nguvu. Katika dini yetu, maziwa hayo yamenifanya mwanawe, na Kanana ni dada yangu kama aliyetoka tumbo moja nami. Baadaye askari akahamishwa, wakaondoka. Wote wa kwetu waliolishuhudia jambo hili wamekufa. Nimebaki mimi.

Nikamtazama Grace. Uso umefungwa. Nikajiambia, huyu asiyeamini visima, ataamini hili? Nisimtoe mama yangu mbele ya mtu anayemwona ni uongo.

Nikasema, "Nikazaliwa, nikakua." Nikaishia hapo. Grace akafungasha vyombo, akashukuru, akaondoka.

Wakati wa chai Zuhra akaniambia, "Babu, you skipped Mama Kanana."

Nikajibu, "Kunywa chai yako."

Lakini yangu mimi nikaiweka chini, nikamweleza kwamba kimya cha Grace ndicho kilichonizuia.

Zuhra akampigia Grace simu, akaiweka kwa sauti kubwa. Binti wa watu akaomba radhi sana. Akasema kwamba wao hufundishwa kukaa kimya, sauti ya anayehoji isije ikaifunika ya mzee.

"Ingenifunika vipi? Wewe ndiye uliyenizima!"

"Babu, nilikuwa naamini kila neno. Hata nilikuwa nakaribia kulia kwa ile story ya mikate."

"Ungelia basi, nikusikie!"

Alirudi wiki iliyofuata. Tukakubaliana kwamba Zuhra aketi karibu yangu, awe ndiye wa kuitikia. Alianza na naam, akateleza kwenye yeah, mara no way. Si kitu. Maneno yakatoka yenyewe.

Nikafika kwa Mama Kanana. Nikasema, akanifungua kwenye nguo, akaniweka ziwa la kushoto, Kanana la kulia. Nikatua kidogo kuvuta pumzi.

"Ehee, Babu, kisha?"

Haikuwa sauti ya Zuhra. Grace alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nikasema yote.

Nikadhani jambo limekwisha. Nikamwagiza afute sauti ile ya kwanza. Akajibu, "Hatufuti, Babu. Zote mbili zinakaa, kila moja na tarehe yake."

Nikashangaa. Atakayesikia ya kwanza peke yake atasema mzee huyu hakuwa na mama wa kunyonya. Atakayesikia ya pili atauliza mbona mwanzoni hakumtaja. Grace anasema huko ndiko kuhifadhi, hata kimya kina maana yake. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, halijaniingia. Alichokubali ni kuniacha niseme maneno machache yatangulie ile ya kwanza: kwamba humu nimemwacha mtu, atafutwe katika ya pili.

Nililojifunza ni hili: ukimtaka mzee akupe mji, usimwache aubebe peke yake. Mengine sijui. Mnaofanya kazi hizi, nifafanulieni. Na kama yupo humu anayemjua Kanana, bibi wa Kimeru ambaye baba yake alikuwa polisi Wajir, aseme hapa chini. Jina la ubatizo la mama yake silijui. Mji mzima ulimwita Mama Kanana.

Sasa wewe Zuhra, andika na haya, ya siku nitakapokuwa sipo.

Picha zangu za paspoti usihangaike nazo. Fimbo yangu ya kutembelea mpe atakayeihitaji.

Weka sauti zote mbili, maana wamekataa kufuta. Wakitaka kuisafisha ya pili waondoe yeah zako na ile ehee ya Grace, wakatalie. Waambie Babu amekataa.

Na akija mtu siku moja akasema yeye ni Kanana, dada yangu, au mwanawe, au mjukuu wake, usimwulize karatasi. Mkaribishe ndani, mwite ndugu yako, umwekee ile sauti ya pili aisikilize mpaka mwisho. Naye akikusimulia yake, usikae kimya.