Tundu la Kinenani na Bendeji za Padri

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine: mimi ndiye yule mtu aliyefunuliwa shuka mbele ya kwaya nzima ya akina mama, mchana kweupe, katika hospitali moja kubwa ya Brussels, na wa kulaumiwa hapo ni mdomo wangu tu.

Nilitoka Kigoma kijana, nikavuka ziwa hadi Uvira, nikakaa Bukavu miaka, nikapanda lori hadi Kisangani, nikashuka na mto mpaka Kinshasa juu ya magunia ya mihogo mikavu, na huko nikapata ndege (kwa njia ambazo si lazima tuzitaje) iliyonitua Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na sweta moja na miguu miwili, na miguu ndiyo ilikuwa mali yangu. Basi fikirieni, nimefika arobaini na ushee, mguu wa kulia unaanza kugoma. Nikipanda mtaa wetu wa Saint-Josse, hatua mia tu, shavu la mguu linakaza kama limebanwa na koleo, nasimama, najifanya naangalia viatu dukani.

Daktari, kijana mchangamfu, akanieleza kwamba mshipa wa damu wa pajani umeziba, na sigara zangu anazijua.

"Zamani tungekupasua paja lote," akasema, macho yakimng'aa. "Siku hizi tunatoboa kinenani, tunapitisha bomba jembamba lenye puto, puto linajaa, mshipa unafunguka. Kesho yake uko nyumbani."

(Idara ile nzima ilikuwa imelewa vitundu vidogo. Daktari bingwa wao mzee, fundi wa visu, nilimwona akizurura koridoni na kikombe cha kahawa kama seremala aliyeletewa viti vya plastiki.)

Mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilisononeka, na sababu ni Maman Stella. Huyu alikuwa mjane wa Bukavu, kazi yake kutunza wazee, nyumba yake Evere, pembeni mwa mji, na mimi nilikuwa nimemtaka muda mrefu bila kupata pa kuanzia. Jumapili baada ya ibada akaniuliza, "Papa Musafiri, ni kweli batakupasula?"

Nikaangalia yale macho ya huruma, na hapo ndipo nilipojimaliza.

"Kutoka kinenani mpaka kwenye kifundo, Maman."

"Yesu! Na nani atakuchunga? Bon, utakuja kwangu Evere mpaka upone."

Mpaka nipone! Sasa tundu la kupona kesho yake ningelipeleka wapi?

Siku ikafika, wakanitoboa asubuhi, kazi ikaenda vizuri mno, nikatoka na plasta ndogo kama stempu. Nesi akanionya nilale chali, mguu umenyooka, nisiukunje hadi jioni, nikiukunja damu itatoka. Nikaitikia. Lakini saa nane kwaya ya kanisa letu, Maman Stella akiwemo, inakuja, na watu wetu wa Kivu hawaji kumwona mgonjwa mmoja mmoja, wanakuja na nyimbo na sufuria, na kidonda kinaombewa, na ili kiombewe lazima kionekane.

Kitanda cha pili alilala mzee wa Kibelgiji, padri mstaafu, ambaye tulikuwa tumepeana bonjour tu. Alikuwa akikoroma. Bendeji zake za miguu zilikuwa kitini katikati yetu, ndefu, safi, zimeviringishwa. Nikazichukua. Nikaketi, nikakunja goti, nikajifunga kuanzia pajani mpaka vidoleni, nikajilaza, nikaweka uso wa mateso.

Wakaingia kumi na wawili, mbele yao Tonton Gédéon, mwalimu wa kwaya. Akaweka mkono juu ya bendeji, akaomba kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lifti. Maman Stella hakufumba macho.

"Nani alikufunga hivi?" akauliza. "Sisi tunaanziaka ku vidole, tunapanda. Huyu alianzia juu."

"Ni mtindo mpya, Maman," nikasema.

Wimbo ukamwamsha padri. Akaketi, akatabasamu kama mtoto, na kwa Kiswahili safi cha misheni ya Kivu akasema, "Jambo, wapendwa! Mimi nilikaa kwenu miaka mingi." Wakashangilia. Akapapasa kiti. "Lakini bendeji yangu iko wapi? Ah, iko pale, kwa muguu ya bwana."

Wote wakageukia mguu wangu. Na hapohapo nikahisi joto chini ya shuka. Maman Stella akaona wekundu unapanda, tena kinenani, juu kabisa ya mahali bendeji ilipoanzia, akafunua shuka yote (nilikuwa nimenyolewa, na chupi yenyewe ya karatasi) akakandamiza kwa ngumi mbili huku akiita nesi.

"Usitikisike, muongo!"

"Maman, nisamehe..."

"Nyamaza! Damu inakimbia."

"Alors," akauliza Tonton Gédéon akitazama dari, "tuimbe ao tutoke?"

Nesi alikuja akashika yeye, akakandamiza hadi damu ikakata, na nyuma yake yule daktari kijana, ambaye alipoona hadhira alifurahi ajabu, akaeleza kwa Kifaransa: tundu dogo kama punje, puto, kesho nyumbani! Gédéon akawatafsiria akina mama neno kwa neno, hata "punje".

Maman Stella akanawa mikono polepole.

"Chumba nilikuwa nimekutandikia," akasema. "Ungekuja na mukwaruzo, ningekupokea. Ata bila mukwaruzo." Akabeba sufuria yake, ikiwa imejaa, akamwachia padri.

Nilikaa Brussels miezi michache tu baada ya hapo. Siku niliyoondoka moja kwa moja, Gédéon alinisindikiza hadi kituo cha treni, tukapanda ule mtaa wa Saint-Josse bila kusimama hata mara moja.

"Muguu iko muzuri?"

"Mzuri sana, Tonton."

Na ndivyo ulivyokuwa, haunidai kitu, ungenifikisha Evere kwa miguu na kurudi. Tangu hapo, nikiulizwa naumwa nini, najibu kwa ukubwa uleule wa kidonda, na kama ni punje, nasema punje.